Sikilidi wa maziwa yetu kwenye tangi la nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuwapiga picha na kuwatambua

Sikilidi ni samaki gani?

Unawajua tayari, ila kwa majina mengine. Sato, perege, ngege, furu wa Ziwa Victoria, kuhe wa Kigoma: wote ni sikilidi. Ukitaka kuhakikisha, mtazame puani. Samaki wengi wana matundu mawili ya pua kila upande, sikilidi ana moja tu. Halafu ule mstari wa vitundu unaopita ubavuni hukatika njiani, ukaanza upya chini kidogo kuelekea mkiani.

Wanaofugwa kwa ajili ya rangi hutoka hasa katika maziwa matatu: Tanganyika, Nyasa (ambalo duniani wengi huliita Malawi) na Victoria. Tanganyika lina aina zinazokaribia 250. Victoria lilikadiriwa kuwa na 500 hivi, kabla sangara hajamaliza wengi wao miaka ya 1980. Kwa Nyasa, watafiti hutaja kati ya 700 na 1000. Karibu wote hawapatikani penginepo popote. Kwa hiyo mfugaji wa Berlin au Toronto anayehangaika kujua samaki wake ni nani, anaulizia jirani zetu.

Nina tangi lililojaa samaki wa kila rangi. Nianzie wapi?

Anza na ziwa, kisha umbo, na rangi iwe ya mwisho. Watu wengi hufanya kinyume chake na ndiyo maana hupotea.

Wa Nyasa wako makundi mawili makubwa madukani. Kuna mbuna, jina walilopewa na watu wa ziwa lenyewe: samaki wa miambani, wanene kiasi, wakorofi, wanaokwangua mwani siku nzima. Kuna na wale warefu zaidi wanaokaa mchangani na kwenye maji ya wazi, pamoja na jamii ya tausi, *Aulonocara*. Kwa mbuna, mara nyingi jike naye ana rangi. Kwa tausi, dume ndiye mwenye mavazi na jike ni kijivu au hudhurungi.

Wa Tanganyika hutambulika kwa umbo kabla ya rangi. *Julidochromis* ni mwembamba kama kalamu. *Neolamprologus multifasciatus* ni kidogo mno, huishi ndani ya gamba tupu la konokono. *Cyphotilapia* ana nundu kwenye paji la uso na mistari mipana kama ya pundamilia.

Wa Victoria ni wadogo, wengi hawazidi urefu wa kiganja, na dume ana madoa ya manjano au ya machungwa kwenye pezi la chini karibu na mkia. Madoa hayo hufanana na mayai, na huonekana kwa samaki wengi wa Nyasa pia, kwa hiyo peke yake hayakupi jibu.

Kwa nini rangi haitoshi? Si ndiyo inayoonekana?

Inaonekana, na inabadilika. Samaki yuleyule anaweza kukupa picha nne ambazo mgeni ataapa ni za samaki wanne.

Kwanza umri. Kifaranga wa *Tropheus duboisi* ni mweusi tii mwenye vidoa vyeupe, kama usiku wa nyota. Akikua vidoa vyote hupotea, kichwa kinakuwa cha buluu na kiunoni anavaa mkanda wa manjano au mweupe. Nimeona watu wakimrudisha dukani wakidhani samaki wao anaumwa, kumbe anabalehe.

Pili jinsia. *Melanochromis auratus* jike ni wa dhahabu mwenye mistari myeusi ya kulala. Dume anapokomaa hugeuka kana kwamba umempindua: mwili unakuwa mweusi na mistari ndiyo inayokuwa ya rangi iliyopauka. *Chindongo saulosi* jike ni wa manjano, dume ni wa buluu mwenye mistari myeusi ya kusimama.

Tatu, na hili ndilo linalosumbua zaidi, cheo. Katika tangi moja dume mbabe huwa na rangi zake zote, na madume wengine huficha zao wasije wakapigwa. *Astatotilapia burtoni*, anayepatikana Tanganyika na mito yake, amechunguzwa sana maabara kwa sababu hii: ukimwondoa mbabe, dume wa chini huwasha rangi ndani ya dakika chache. Hakubadilika aina. Amepata nafasi tu.

Nne, mahali alipotoka. *Labidochromis caeruleus* anayeuzwa kila duka ni wa manjano angavu, lakini jina *caeruleus* ni la buluu. Samaki wa kwanza walioelezwa na wataalamu hawakuwa wa manjano. Hao wa manjano ni wa kipande kimoja cha pwani ya kaskazini-magharibi ya ziwa, na wenzao wa kwingineko ni weupe au wana ubuluu.

Basi niangalie nini?

Alama zisizobadilika haraka. Mistari imesimama au imelala? Ni mingapi? Inaingia kwenye pezi la mgongoni au inaishia chini yake? Pezi lina ukingo wa rangi gani? Mdomo umeelekea mbele au chini? Hayo yaandike kabla hujaandika neno "buluu".

Mfano ninaoupenda ni wa *Neolamprologus brichardi* na *N. pulcher*. Wote wana rangi ya maziwa yenye chai kidogo, mkia wenye ncha mbili ndefu na mapezi yenye ukingo wa samawati. Ukisimama mita moja huwezi kuwatofautisha. Sogea uangalie kifuniko cha matamvua, nyuma ya jicho. *Brichardi* ana alama nyeusi kama herufi T iliyolazwa. *Pulcher* ana vijipinde viwili vilivyosimama, kama miezi miwili michanga. Hicho ni kitu cha milimita chache. Picha isiyokuwa na fokasi kwenye shavu haina faida yoyote kwa samaki hawa wawili, hata iwe nzuri kiasi gani.

Mwingine: *Altolamprologus calvus* na *A. compressiceps*. Neno *calvus* ni la Kilatini, maana yake mwenye upara, na kweli paji lake la uso halina magamba.

Kama samaki wako ni kundi, tazama majike. *Chindongo demasoni* na dume wa *saulosi* wote ni wa buluu wenye mistari myeusi, na wauzaji huwachanganya. Lakini jike wa *demasoni* amevaa sawasawa na mumewe. Ukiona majike wa manjano kwenye kundi, umeshapata jibu.

Picha zangu zote zimekuwa za buluu. Samaki wenyewe si hivyo.

Ni taa. Taa nyingi za LED za tangi huuzwa zikiwa na buluu nyingi kwa makusudi, ili samaki ang'ae dukani. Jicho lako linazoea baada ya dakika chache, kamera haizoei. Zima balbu za buluu ukiwa unapiga picha ya kutambua na uache nyeupe peke yake. Kisha zamisha tangini kipande cha plastiki nyeupe, mfuniko wa ndoo safi unatosha, ukipige picha, na kamera ipime weupe kutoka hapo. Kwenye simu, fungua sehemu ya mipangilio ya kitaalamu ambako joto la rangi hupangwa kwa mkono, ulipange mpaka plastiki ile ionekane nyeupe.

Hapa nina kisa cha Mwanza ambacho hunigusa kila nikikikumbuka. Kuna furu anayeitwa *Pundamilia nyererei*. Alielezwa kisayansi mwaka 1985 na akapewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Dume ni mwekundu mgongoni, wa manjano ubavuni, na mistari myeusi imesimama. Jirani yake miambani ni *Pundamilia pundamilia*, ambaye jina lake ni Kiswahili kitupu, na dume wake ni wa kijivu chenye ubuluu. Majike wao wanafanana mno. Penye maji maangavu, kama kisiwa cha Makobe, aina hizi mbili hukaa pamoja bila kuchanganyika, kwa sababu kila jike humtambua dume wake kwa rangi. Penye maji yaliyochafuka rangi hufifia na machotara huonekana. Mwaka 1997 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika ziwa hilo walichapisha matokeo haya, na maabara walionyesha vilevile: chini ya mwanga mweupe majike huchagua dume wa aina yao, ila chini ya mwanga wa rangi moja ya machungwa uchaguzi ule hupotea.

Yaani hata jike wa nyererei, aliyezaliwa na kazi hiyo, hukosea ukimwekea taa mbaya. Badili taa kwanza, kamera baadaye.

Simu inatosha, au lazima ninunue kamera?

Simu inatosha kwa kutambua. Usivute picha kwa vidole, maana unakuza ukungu tu. Sogeza simu yenyewe mpaka karibu na kioo. Bonyeza na ushikilie kidole juu ya samaki mpaka fokasi na mwanga vifunge, kisha piga mfululizo, picha kumi au ishirini kwa mkupuo. Utafuta kumi na nane, na hiyo ni kawaida hata kwa wanaolipwa kwa kazi hii. Kupiga video na kuchomoa picha moja humsaidia anayeshindwa kabisa, lakini mambo madogo kama ile alama ya shavuni hupotea.

Mwenye kamera aipange vipi?

Lenzi ya vitu vya karibu, ya milimita 60 hadi 100, ndiyo raha yake. Kasi ya shata 1/160 au zaidi, kwa sababu mbuna hatulii. Tundu la lenzi f/8 hivi, ili samaki mzima awe wazi kuanzia mdomoni hadi mkiani. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ipandishe mpaka mwanga utoshe. Chengachenga kidogo zinavumilika, samaki aliyetikisika havumiliki. Fokasi iwe kwenye jicho siku zote.

Na simama sambamba na kioo. Ukipiga kwa kukingama, kioo na maji vinapinda mwanga, na samaki anatoka na kivuli cha rangi pembeni mwa mwili. Mwanzoni nilidhani lenzi yangu mbovu. Ilikuwa ni pembe niliyosimamia.

Kwa nini kuna mistari ya giza inayokatiza picha?

Taa zinapepesa kwa kasi ambayo jicho haliioni. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jaribu kasi ya 1/100 au 1/50. Kama taa yako ina kidhibiti cha kupunguza mwanga, iwashe hadi mwisho. Taa iliyopunguzwa mara nyingi hupepesa zaidi.

Najiona mwenyewe kwenye kioo kila nikipiga.

Zima taa zote za chumbani, funga pazia, vaa nguo nyeusi. Upepo wa feni hauna tatizo, lakini mwanga wa televisheni una tatizo kubwa. Kama lenzi ina kofia ya mpira, igusishe kioo kabisa. Kwa simu, toboa tundu kwenye kitambaa cheusi, pitisha lenzi hapo.

Kioo kisafishe siku moja kabla. Nje, yale madoa meupe ya chokaa hutoka kwa siki na kitambaa laini. Siki isidondoke ndani. Ndani, futa mwani na uache maji yatulie usiku kucha. Usilishe saa chache kabla ya kupiga, kwa sababu kila punje ya chakula itatokea kwenye picha kama nyota. Pampu unaweza kuizima kwa dakika chache ili vumbi litulie. Weka kengele kwenye simu ya kukukumbusha kuiwasha.

Flashi inawaumiza?

Kinachowaumiza ni kushtuka. Samaki hana kope za kufumba, na flashi ya ghafla gizani humfanya akimbie na kugonga kioo au mwamba. Kwa hiyo taa ya tangi iwe imewaka, na usipige usiku walipolala. Flashi iliyo juu ya kamera hurudi usoni kwako kupitia kioo. Inayofaa ni ile inayotenganishwa na kamera, ikae pembeni kwa mshazari au juu ya mfuniko wa tangi ikitazama chini. Mwanga wa kutoka juu ndio alioumbiwa samaki: unapita mgongoni kama jua, na magamba ya tausi hutoa buluu yake ya kweli.

Hatulii hata sekunde moja. Nifanyeje?

Kaa. Leta kiti, kaa mbele ya tangi robo saa bila kuinua kamera. Wakishazoea kwamba hujaja kulisha wanarudi kwenye shughuli zao, na kila dume ana mahali pake anaporudi tena na tena. Lenga hapo mahali, ungoje. Wakati mzuri kuliko wote ni dume anapomringia jike au anapokabiliana na jirani: mapezi yote yanafunguka, rangi inawaka, na mistari yote inahesabika.

Wengine hutumia kijitangi chembamba cha kupigia picha, upana wa sentimita chache, kilichojazwa maji ya tangi lenyewe. Kinafaa kwa kutambua, mradi samaki asibanwe na asikae zaidi ya dakika chache. Ila ujue atakuwa ameogopa na rangi zake zitakuwa zimepungua, kwa hiyo uwe na picha yake ya tangini pia.

Kuna mmoja ambaye hapaswi kukimbizwa kwa wavu hata kidogo: jike aliyevimba koo, asiyekula, anayejificha. Huyo ana mayai au watoto mdomoni. Aina nyingi za Nyasa hubeba hivyo wiki tatu au karibu na hapo. Akishtuka anaweza kuwatema au kuwameza wote, na picha yako haina thamani hiyo.

Ni picha zipi nitume ninapoomba mtu anitambulie samaki?

Ubavu wa kushoto, samaki mzima, mapezi wazi. Wataalamu wa samaki wamezoea kuonyesha upande wa kushoto, kichwa kikiwa kushoto, na ni rahisi kulinganisha. Ongeza picha ya uso kwa karibu, ya jike kama yupo, na moja iliyopigwa siku nyingine akiwa na rangi tofauti. Andika urefu wake kwa sentimita, ziwa kama unalijua, na jina alilouziwa nalo hata kama hulisadiki. Usizidishe rangi kwenye simu kabla ya kutuma. Hapo unakuwa unaomba watambue samaki ambaye hayupo.

Dukani wameandika "mchanganyiko wa Kiafrika". Hiyo ni aina gani?

Si aina. Ni vifaranga vya wazazi wowote waliochanganyika tangini, na wengi wao ni machotara. Nilishawahi kununua tausi sita kwa jina moja zuri. Walipokua walikuwa na sura sita. Ule mwaka mzima wa kungoja ulinikera sana, kwa sababu niliuza majike wazuri ili kuwapa nafasi hao.

Tausi wenye mabakamabaka ya machungwa na meusi mwili mzima ni kazi ya wafugaji waliochanganya tausi na mbuna, ziwani hayupo. Mbuna wenye mabaka, kwa upande wao, wapo kweli ziwani, na wengi ni majike. Chotara ni samaki kamili na anastahili maji safi kama mwingine yeyote. Unachotakiwa ni kumwandika chotara, na usimzalishe na kuwauza watoto wake kwa jina la ziwani.

Alikuwa anawaka dukani. Miezi miwili baadaye amepauka.

Huenda hajatulia, au kuna mbabe anayemkandamiza, au lishe ni duni. Lakini kuna jambo baya zaidi: wauzaji wengine huwapa vifaranga homoni za kiume ili wapate rangi mapema. Vifaranga vya tausi kwa kawaida ni vya kijivu. Ukiona tangi zima la tausi wa sentimita nne, wote wanang'aa kama mabwana harusi, usinunue.

Yale majina ya mahali baada ya jina la samaki yana maana gani?

Yana maana kubwa kuliko watu wanavyodhani, na kwangu mimi ndiyo sehemu tamu ya shughuli hii yote.

Samaki wengi wa miambani hawavuki mchanga. Ghuba yenye mchanga au mdomo wa mto kwao ni kama bahari, na kwa vizazi vingi kila kipande cha miamba kimejitengenezea rangi zake. Ndiyo maana mfugaji wa Ujerumani, ambaye hajawahi kukanyaga Tanzania, anajua kutamka Ikola, Kipili, Kasanga na Mpimbwe, sehemu za mwambao wa Ziwa Tanganyika. *Tropheus* wa Ikola ni mweusi mwenye mkanda mpana wa manjano. *Cyphotilapia* wa Kigoma hujulikana kwa mistari saba wakati wa kwingine wana sita, na wa kusini ya ziwa, ambao Mpimbwe ni mmoja wao, tangu mwaka 2003 wanaitwa *Cyphotilapia gibberosa*. *Tropheus duboisi* wa Maswa ana mkanda mpana kuliko ndugu zake. Hiyo ni Maswa ya mwambao wa Tanganyika, si wilaya ya Simiyu. Na *Chindongo demasoni*, aliyeelezwa mwaka 1994, ni wa miamba ya Pombo, upande wetu wa Ziwa Nyasa.

Jina la mahali halionekani kwenye picha, na likishapotea mara nyingi halirudi. Muulize muuzaji siku ya kwanza, uliandike. Kama hajui, andika "mahali hapajulikani", usibahatishe kwa sababu anafanana na picha fulani. Wala usiwaweke wa Ikola na wa Kasanga tangi moja. Watazaana, na watoto wao hawatakuwa wa popote.

Kitabu kimoja kinasema *Pseudotropheus demasoni*, kingine *Chindongo demasoni*. Kipi sahihi?

Samaki ni yuleyule. Jina la kwanza ni la zamani. Mwaka 2016 alihamishiwa *Chindongo*. Sehemu ya pili ya jina ndiyo hubaki, tafuta kwa hiyo.

Programu za simu za kutambua samaki zinaaminika?

Zitakufikisha kwenye jamii, tuseme tausi au mbuna. Zaidi ya hapo zinatazama rangi, na rangi tumeshaizungumza.

Naweza kwenda ziwani nikapiga picha au kukamata wangu mwenyewe?

Picha piga, na uchukue miwani ya kupigia mbizi, maana ukiingia maji ya kiunoni tu penye mawe pale Kigoma utawaona. Kukamata na kusafirisha samaki wa mapambo kunahitaji kibali, kaulize ofisi ya uvuvi ya eneo lako. Ndani ya hifadhi usiguse kitu: Hifadhi ya Mahale, kwa mfano, haiishii ufukweni, mpaka wake unaingia ziwani kilomita 1.6. Na samaki aliyekaa tangini usimrudishe ziwani, hata kama ni wa ziwa hilohilo, kwa sababu ya magonjwa na kwa sababu huna hakika ni wa mwamba upi.

Samaki wangu amekufa kabla sijamtambua. Nimechelewa?

Rangi inaondoka upesi, nyingine ndani ya dakika. Mtoe, mlaze ubavu wa kulia juu ya sahani nyeupe yenye maji kidogo, kichwa kikiwa kushoto. Fungua pezi la mgongoni na la chini kwa kijiti cha meno chenye maji, weka rula kando yake, piga picha kwa mwanga wa dirishani. Kisha mfungue mdomo taratibu, upige meno kwa karibu. Kwa mbuna meno ndiyo yanayotenganisha jamii nyingi, na hilo hukuweza kuliona alipokuwa hai.

Mahesabu ya miiba ya pezi la mgongoni fanya sasa hivi, kabla halijakauka.